Kutambua Seli za Kinga za Panya kwa Kingamwili Zenye Rangi: Mwongozo Kamili, Kutoka Wengu Hadi Geti la Mwisho

Malalamiko yanafanana. Mtu ametia seli rangi nane, amekaa kwenye mashine ya kuzisoma hadi jioni, na grafu inamwonyesha wingu moja lisilogawanyika. Au inamwonyesha kitu kibaya zaidi: kila seli ina CD4, ina CD8, na ina CD19 juu yake, alama ambazo seli moja ya kawaida haizibebi zote pamoja. Basi mashine inalaumiwa, fundi anaitwa, leza zinapimwa, zinakutwa nzima.

Kwa kawaida kazi huwa imeshaharibika mezani saa tatu kabla ya mashine kuwashwa. Seli zilikufa njiani, kingamwili ilimiminwa kwa kukisia, na kontroli (sampuli za kulinganishia) zilirukwa ili kuokoa muda. Mwongozo huu unakaa zaidi hapo mezani.

Tutafanya kazi moja tu hadi mwisho: wengu wa panya wa C57BL/6 (aina ya panya wa maabara), rangi 8, kwenye saitometa ya mtiririko, yaani mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza na kupima mwanga wa rangi zake, yenye leza tatu za nanomita 405, 488 na 640. Ukiimudu hiyo, uboho, tezi za limfu na damu havitakushinda.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kumgusa mnyama

Mnyama. C57BL/6 wa wiki 8 hadi 12, mwenye kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Bila kibali, funga mwongozo huu kwanza. Wengu mmoja hutoa takriban seli milioni 50 hadi 100 baada ya seli nyekundu kuondolewa.

Bafa ya kutilia rangi. PBS (maji ya chumvi yenye fosfati) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, seramu ya ndama asilimia 2, na EDTA ya milimola 2. Seramu huzuia kingamwili kushika ovyo, EDTA huzuia seli kushikana. Andaa mililita 500 uziweke kwenye friji.

PBS tupu. Isiwe na seramu. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.

Dawa ya kuvunja seli nyekundu. Kwa lita moja ya maji: amonia kloridi gramu 8.29, potasiamu haidrojenikaboneti gramu 1, EDTA ya sodiamu miligramu 37, pH kati ya 7.2 na 7.4.

Kizuizi cha vipokezi vya Fc. Vipokezi hivi hushika mkia wa kingamwili yoyote. Kizuizi ni kingamwili isiyo na rangi dhidi ya CD16/32, kloni (ukoo wa seli unaotoa kingamwili moja mahususi) 2.4G2 au 93.

Rangi ya uhai. Ile inayojifunga kwenye protini na kustahimili fiksativu (dawa ya kuhifadhi seli kama zilivyo), iamshwe na leza ya 405 na kung'aa karibu na nanomita 510.

Shanga za kontroli. Vijipira vya plastiki vinavyonasa kingamwili.

Vifaa. Chujio la mikromita 70, bomba la sindano la mililita 5 (tunataka kisukumio chake), pleti ya visima 96 yenye kitako cha V, sentrifuji yenye ubaridi, barafu, foili, trypan blue na chumba cha kuhesabia seli.

Na kingamwili zenyewe saba (rangi ya nane ni ile ya uhai):

- CD4, kloni GK1.5, rangi BV421
- CD3, kloni 17A2, rangi FITC
- NK1.1, kloni PK136, rangi PE
- CD19, kloni 6D5, rangi PerCP-Cy5.5
- CD11b, kloni M1/70, rangi PE-Cy7
- CD8α, kloni 53-6.7, rangi APC
- CD45, kloni 30-F11, rangi APC-Cy7

Orodha hii haikupangwa kwa bahati. PE ndiyo miongoni mwa rangi kali kuliko zote hapa, kwa hiyo amepewa NK1.1, alama ya seli NK (seli za kinga ziuazo kiasili), ambazo ni chache. PerCP-Cy5.5 hufifia, akapewa CD19 ambayo seli B huibeba kwa wingi. Kuna rangi moja tu ya familia ya Brilliant Violet. Ukiongeza ya pili, rangi hizo huvutana zenyewe kwa zenyewe na kukuzalishia mistari ya mshazari ya uongo. Hapo utalazimika kununua bafa yake maalumu.

Onyo kuhusu NK1.1: kloni PK136 inafanya kazi kwa C57BL/6, lakini haishiki kwa BALB/c, aina nyingine ya panya wa maabara. Si kwamba BALB/c hana seli NK. Anazo, ila alama hiyo hana kwa umbo ambalo PK136 inalitambua. Kwa BALB/c tumia CD49b, kloni DX5. Watu wengi wametupa kingamwili nzima kabisa kwa kutojua hili.

Neno moja kuhusu usafirishaji, maana kwetu mzigo unaweza kulala uwanja wa ndege ukisubiri karatasi. Kingamwili zenye rangi hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, gizani. Usizigandishe kamwe: PE na APC ni protini, na barafu huziharibu. Kichupa kikifika kimeganda au kina joto, kijaribu kwanza kwenye seli chache kabla ya kukiamini na jaribio zima. Umeme ukikatika usiku, friji isifunguliwe hadi umeme urudi.

## Hatua ya 1: Tafuta kipimo cha kila kingamwili

Hii hufanywa siku tofauti, kabla ya jaribio. Ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta lile wingu lisilogawanyika.

Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji mara nyingi ni kikubwa kuliko unachohitaji. Kingamwili ikizidi, inaanza kushika hata seli zisizo na alama yake, na kundi hasi linapanda kulifuata kundi chanya. Ikipungua, kundi chanya linashuka. Unatafuta katikati.

Chukua visima 6, kila kimoja na seli milioni 1 ndani ya mikrolita 100 kwa jumla. Anza na mikrogramu 1 kwenye cha kwanza, kisha punguza nusu kwa nusu: 0.5, 0.25, 0.125, 0.06, 0.03. Kichupa cha miligramu 0.2 kwa mililita kina mikrogramu 1 katika mikrolita 5, kwa hiyo mikrogramu 0.25 ni mikrolita 1.25.

Pima kila kisima, kisha kokotoa: wastani wa kati wa kundi chanya toa wa kundi hasi, gawanya kwa mara mbili ya mtawanyiko wa kundi hasi. Kisima chenye jibu kubwa kuliko vingine ndicho kipimo chako.

*Utajua umefaulu* ukiona namba hiyo inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka. Ikiwa inapanda tu kadiri kipimo kinavyoongezeka, bila kushuka, hujafika kileleni. Anza juu zaidi.

Kipimo hiki kinahusu ujazo, muda na joto ulivyotumia. Ukibadili mikrolita 100 kuwa 50, umebadili ukolezi, na kipimo chako si chako tena. Idadi ya seli ina nafasi ya kulegea kidogo, ukolezi hauna.

## Hatua ya 2: Toa wengu na upate seli mojamoja

Mnyama akishauawa kwa njia iliyoidhinishwa, fungua upande wake wa kushoto. Wengu ni ule ukanda mwekundu wa kahawia uliolala kando ya tumbo la chakula. Ukate, ondoa mafuta, uweke kwenye bafa baridi juu ya barafu. Saa inaanza kuhesabu hapa: kadiri unavyochelewa, ndivyo seli zinavyokufa.

Weka chujio juu ya tyubu ya mililita 50 au ndani ya sahani ndogo. Ponda wengu kwa kisukumio cha bomba la sindano, taratibu, kwa mizunguko midogo, huku ukiosha kwa bafa. Usigandamize kama unayetwanga. Nguvu hupasua seli, DNA yao inamwagika, na DNA ndiyo ule uteute unaofunga chujio na baadaye kuziba mashine.

Zungusha kwa nguvu ya 400 g, dakika 5, nyuzi 4. Soma vizuri: g, si mizunguko kwa dakika. Mizunguko ileile huleta nguvu tofauti kwenye sentrifuji tofauti, kutegemea urefu wa mkono wake.

Kuponda kunatosha kwa seli T, B na NK. Ukitaka seli za dendriti na makrofeji kwa idadi ya kweli, unahitaji kuyeyusha tishu kwa kolajenasi na DNase, kwa sababu hizo zimejifunga kwenye nyuzi za wengu. Jihadhari na vimeng'enya vikali kama tripsini. Hukata alama za juu ya seli, zilezile ulizokuja kuzitafuta.

## Hatua ya 3: Vunja seli nyekundu

Mwaga maji ya juu, tikisa tonge la seli kwa kidole, ongeza dawa mililita 2. Subiri dakika 2 kwenye joto la chumba, isizidi 3. Jaza bafa mililita 10 mara moja kusimamisha dawa, kisha zungusha tena.

*Mafanikio* ni tonge jeupe au la pinki hafifu. Likibaki jekundu, rudia kwa dakika 1 tu. Wanaoacha dawa dakika 10 ili "iishe kabisa" huua na seli nyeupe pia.

Chuja tena kabla ya kuhesabu. Ndiyo, mara ya pili.

## Hatua ya 4: Hesabu, kisha panga visima

Changanya seli na trypan blue, hesabu zilizo hai na zilizokufa. Uhai uwe asilimia 90 au zaidi. Chini ya 80 ningeacha na kuanza na mnyama mwingine, kwa sababu hakuna geti (mpaka unaochorwa kwenye grafu ili kuchagua seli) litakalofuta uharibifu huo.

Rekebisha ukolezi, weka seli milioni 1 kila kisima. Halafu panga visima kabla ya sampuli yoyote:

Kisima kisicho na rangi kabisa, kimoja. Visima vya rangi mojamoja, nane. Kwa rangi zilizo kwenye kingamwili waweza kutumia shanga. Na visima vyenye rangi zote isipokuwa moja, angalau viwili: kimoja bila NK1.1, kingine bila CD11b. Sampuli zako zinafuata.

Visima vya "zote isipokuwa moja" ndivyo vinavyokuambia mpaka uwekwe wapi. Alama kama CD4 hugawanya seli waziwazi, hata macho yanatosha. NK1.1 na CD11b hupanda polepole kama mteremko, na mwanga unaovuja kutoka rangi nyingine unaweza kusukuma kundi hasi juu. Kisima kisicho na PE lakini chenye zote nyingine kinakuonyesha msukumo huo ulivyo. Kisima kisicho na rangi hakiwezi.

Mambo matatu kuhusu shanga, maana hapa ndipo vijana wengi hukwama:

Shanga nyingi hunasa kingamwili zilizotengenezwa ndani ya panya mkubwa (rat) au hamster. PK136 imetengenezwa ndani ya panya mdogo (mouse, kama huyu wetu), hivyo kwenye shanga hizo haitashika chochote na utaona kilele hasi peke yake. Tumia shanga zinazonasa kingamwili za panya mdogo, au weka CD4 yenye PE badala yake. PE ni PE. Kwa rangi isiyo ya tandemu (rangi mbili zilizounganishwa), kontroli inaweza kubebwa na kingamwili nyingine yenye rangi hiyohiyo.

Kwa tandemu, yaani PE-Cy7, APC-Cy7 na PerCP-Cy5.5, ruhusa hiyo haipo. Kila kichupa kina uwiano wake wa rangi mbili zilizounganishwa, kwa hiyo kontroli lazima itoke kwenye kichupa kilekile cha sampuli.

Rangi ya uhai haishiki shanga za kingamwili. Chukua seli, ua nusu kwa kuziweka nyuzi 65 dakika 5, rudisha kwenye barafu, changanya na nusu iliyo hai, kisha tia rangi ya uhai peke yake. Weka pembeni na seli chache zilizouawa bila rangi: seli mfu hung'aa zenyewe kuliko hai, na kundi hasi la haki ni hilo.

## Hatua ya 5: Rangi ya uhai

Osha seli mara mbili kwa PBS tupu. Rangi hii hujifunga kwenye amini za protini yoyote inayokutana nayo. Seramu ikibaki kwenye kisima, rangi itaishia kwenye seramu. Bafa yenye Tris au azidi ya sodiamu nayo hairuhusiwi hapa, kwa sababu huingilia kazi ya rangi.

Ongeza mikrolita 100 za rangi iliyopunguzwa kwa PBS kwa kipimo ulichokipata kwa kupima, dakika 15 gizani. Osha kwa bafa yenye seramu; sasa seramu inakusaidia kumeza rangi iliyobaki.

Mbona nasisitiza hivi? Seli iliyokufa hunasa kingamwili kama ulimbo unavyonasa ndege, bila kuchagua. Zile seli zenye CD4, CD8 na CD19 kwa pamoja, kwa sehemu kubwa ni maiti. Usipoweza kuzitoa, utaziandikia makala kama kundi jipya la seli za kinga, na mtu ataulizia.

## Hatua ya 6: Ziba vipokezi vya Fc

Mwaga bafa, ongeza mikrolita 50 za bafa yenye kizuizi cha CD16/32, takriban mikrogramu 0.5 hadi 1 kwa seli milioni. Acha dakika 10 kwenye barafu. Usioshe.

Seli B, makrofeji na nyutrofili zina vipokezi vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote, hata isiyozihusu. Kizuizi huvijaza kwanza. Kumbuka tu kwamba hakizibi kila mlango: rangi zenye Cy5 au Cy7 zinaweza kushika monosaiti na makrofeji kwa njia nyingine, na kwa hizo kuna kizuizi cha monosaiti kinachouzwa peke yake. Kwa wengu wa mnyama mzima wa afya hutakihitaji mara nyingi. Kwa mapafu au uvimbe wa saratani, kinunue.

## Hatua ya 7: Tengeneza mchanganyiko na utie rangi

Usimimine kingamwili saba moja moja kwenye kila kisima. Mkono huchoka, na kosa la mikrolita 1 kwenye kisima kimoja huonekana kama tofauti ya kibayolojia. Tengeneza mchanganyiko mmoja kwa visima vyote vya sampuli, na ziada ya kimoja.

Mfano: sampuli 10, unaandaa za 11. Tuseme kila kingamwili ilitulia kwenye mikrolita 1.25. Basi kila moja ni 1.25 × 11, yaani mikrolita 13.75. Zote saba ni 96.25. Kila kisima kitapokea mikrolita 50 za mchanganyiko, hivyo jumla ni 550, na bafa ya kuongeza ni 453.75. Vipimo vyako halisi vitatofautiana kati ya kingamwili na kingamwili. Hesabu ni ileile.

Kabla ya kuchanganya, zungusha vichupa kwenye sentrifuji kwa muda mfupi. Kingamwili zikikaa hujikusanya vijitonge, na vijitonge hivyo huonekana kwenye grafu kama nukta kali zilizotawanyika juu. Chovya pipeti juu juu, si kitakoni.

Ongeza mikrolita 50 juu ya zile 50 zenye kizuizi. Changanya kwa pipeti taratibu. Funika kwa foili, weka kwenye barafu au friji dakika 30. Ubaridi si mapambo: kwenye joto, seli humeza alama zake pamoja na kingamwili zilizoshikamana nazo.

## Hatua ya 8: Osha, na ufikirie kama utafiksi

Jaza mikrolita 150 za bafa, zungusha 400 g dakika 5, mwaga, rudia kwa mikrolita 200. Pleti imwagwe kwa mkupuo mmoja, kisha igeuzwe. Ukiigongagonga kwenye karatasi, seli zinaondoka na maji.

Ukisoma siku hiyohiyo, simamisha seli kwenye mikrolita 200 za bafa, chuja, peleka mashine. Ndiyo njia ninayoipendekeza.

Ukilazimika kungoja, fiksi kwa paraformaldehaidi asilimia 1 hadi 2, dakika 15, chini ya kifyonza hewa na ukiwa na glavu, kisha osha na uweke nyuzi 4 gizani, usome kesho yake. Usiache seli ndani ya fiksativu usiku kucha. Tandemu huvunjika kwa mwanga, joto na fiksativu, na APC-Cy7 iliyovunjika hung'aa kama APC. Kwa paneli hii, hilo lina maana moja chungu: kila seli yenye CD45 itaanza kuonekana na CD8. Visima vya rangi moja navyo vifiksiwe vilevile, kwa muda uleule.

## Hatua ya 9: Kwenye mashine

Anza na kisima kisicho na rangi. Panga volteji ya kila kigunduzi hadi kilele hasi kionekane chote, kisigande kwenye mhimili. Kisha pitisha visima vya rangi moja na uhakikishe kilele chanya hakijagonga ukuta wa kulia. Ukiridhika, usiguse volteji tena hadi mwisho wa siku.

Rekodi kila kontroli ya rangi moja, angalau matukio 5,000 ndani ya kundi chanya. Sharti ni matatu: kundi chanya liwe kali sawa na la sampuli au zaidi, chanya na hasi viwe vya aina moja, shanga kwa shanga, seli kwa seli, na rangi iwe ileile kabisa. Kijani cha GFP (protini inayong'aa) hakisimami badala ya FITC, ingawa kwa macho vinafanana.

Programu itakokotoa kompensesheni. Kazi yake ni kutoa mwanga wa FITC unaovuja kwenye kigunduzi cha PE, wa APC unaovuja kwenye APC-Cy7, na kadhalika.

*Utajua imekaa sawa* kwa kuangalia vituo vya kati: kwenye kisima cha FITC peke yake, kituo cha PE cha kundi chanya kilingane na cha kundi hasi. Usiirekebishe kwa macho ukifuata kingo za wingu. Kundi kali litakuwa pana daima, na upana huo hauondolewi na kompensesheni. Ukiushusha kwa nguvu unaunda pembe inayoning'inia chini ya sifuri.

Kwenye sampuli, pitisha taratibu na urekodi angalau matukio 100,000 yaliyo hai. Seli NK ni karibu asilimia 2 hadi 4 ya wengu, kwa hiyo laki moja inakupa elfu mbili hadi nne. Inatosha kuhesabu, na inatosha kuchora.

## Hatua ya 10: Mageti, kwa mpangilio huu

1. Muda. Weka muda kwenye mhimili wa chini. Pale mtiririko uliporuka au kuziba, kata.
2. Ukubwa na chembechembe. FSC-A kwa SSC-A, yaani mwanga unaotawanyika mbele (ukubwa) na pembeni (chembechembe). Zungushia limfosaiti na kundi lililo juu yao. Uchafu wa kona ya chini kushoto uache nje. Geti liwe kubwa. Kubana mapema kunatupa monosaiti.
3. Seli mojamoja. FSC-A kwa FSC-H, yaani eneo la mpigo wa mwanga kwa kimo chake. Zinazolala kwenye mshazari ni mojamoja. Zilizopanuka pembeni ni mbili zilizoshikana.
4. Hai zenye CD45. Rangi ya uhai kwa CD45. Chukua zisizo na rangi ya uhai na zenye CD45.
5. CD3 kwa CD19. Seli T upande mmoja, seli B upande mwingine.
6. Ndani ya CD3: CD4 kwa CD8. Usichore grafu hii kabla ya CD3, kwa sababu baadhi ya seli za dendriti za panya hubeba CD8α na hata CD4.
7. Zisizo na CD3 wala CD19: NK1.1 kwa CD11b. Seli NK zina NK1.1, na zilizokomaa hubeba CD11b pia. Zenye CD11b bila NK1.1 ni monosaiti, makrofeji na nyutrofili zikiwa pamoja.

Kuzitenganisha hizo za mwisho kunahitaji alama mbili nyingine: Ly6G, kloni 1A8, na Ly6C. Kwenye wengu uliokwisha kuondolewa seli nyekundu, karibu kila seli hai ina CD45, kwa hiyo waweza kumtoa CD45 na kumweka Ly6G kwenye nafasi yake. Kwenye ini au mapafu usithubutu. Na usitumie Gr-1, kloni RB6-8C5, kwa kazi hii: inashika Ly6G na Ly6C zote mbili.

Namba zako kwa C57BL/6 mzima asiyeumwa ziwe karibu na hizi: seli B asilimia 50 hadi 60 ya zilizo hai, seli T asilimia 30 hadi 40, CD4 ikizidi CD8 kwa takriban mara moja na nusu hadi mbili. Wingu la CD4 na CD8 pamoja ni la thaimasi, si la wengu. Vivyo hivyo CD3 na CD19 kwa pamoja. Vyote viwili visifike asilimia 1 au 2. Vikizidi, una seli zilizoshikana au kompensesheni mbovu.

## Ukikwama

Kila kitu ni chanya. Angalia geti la uhai kwanza, kisha kipimo cha kingamwili, kisha kama kizuizi cha Fc kiliwekwa. Kwa mpangilio huo.

Hakuna CD4, vingine vyote vipo. Uliza kama mnyama aliwahi kudungwa GK1.5 ili kumwondolea seli hizo. Kingamwili ya sindano hufunika alama, na GK1.5 yenye rangi haipati pa kushika. Tumia RM4-4, inayoshika sehemu nyingine ya CD4.

CD8 imepanda kwa kila seli. APC-Cy7 imevunjika. Pitisha kichupa cha CD45 kwenye shanga peke yake utazame kigunduzi cha APC. Kikivuja kuliko kilivyovuja kikiwa kipya, kitupe.

Seli zinapotea. Ulianza na milioni 1, mashine inaona elfu hamsini. Zinamwagika kwenye kuosha. Ongeza nguvu hadi 500 g, na tazama pleti kwa mwanga wa pembeni kabla ya kumwaga: tonge lionekane.

Mashine inaziba. Hukuchuja mara ya mwisho, au EDTA haimo kwenye bafa.

Jaribio la wiki jana lilikuwa zuri, la leo halifanani. Linganisha namba za toleo kwenye vichupa. Tandemu ya toleo jipya huvuja kwa kiwango chake, na matriki ya kompensesheni ya wiki jana haiihusu. Andika namba hizo kwenye daftari kila siku ya jaribio, pamoja na volteji, na ufanye kontroli za rangi moja upya hata kama kichupa hakijabadilika.